Chumba cha seva Babati: Terabaiti nyingi, hewa kidogo

Zabuni ya mtambo wa kuhifadhia data ikitangazwa, namba inayosomwa na kila mtu ni terabaiti. Mkurugenzi anaielewa, mhasibu anaielewa, muuzaji anaitumia kumshinda mwenzake. Mtambo wa terabaiti 200 unaonekana bora kuliko wa 100, hasa bei zikikaribiana. Maswali mawili huachwa kwenye kurasa za mwisho au hayaandikwi kabisa. Diski moja ikifa, mtambo utachukua saa ngapi kuirudisha data yake? Na umeme ukikatika saa nane mchana, chumba kitakuwa na joto gani saa nane na nusu?

Nayauliza nikiitazama Babati, kwa sababu huu ni mji uliofika mahali ambapo maamuzi ya aina hii yanafanywa kila mwaka wa fedha. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu. Zikaja ofisi za mkoa, hospitali ya rufaa, mabenki na vyuo. Barabara ya lami ya kwenda Dodoma, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na nyaya za mawasiliano nazo zimefika. Mifumo mingi ya serikali sasa imekusanywa kwenye vituo vikubwa vya data, kama kile cha Kijitonyama, Dar es Salaam, na mtumishi wa huku anaingia kwa mtandao tu.

Hilo limepunguza mzigo wa mikoani, halijaumaliza. Picha za vipimo vya hospitali, video za kamera za ulinzi, ramani za viwanja, rekodi za redio za mjini, faili za SACCOS na za shule hubaki palepale zilipozaliwa, kwa kuwa ni nzito mno kuzisukuma kila siku kwenye intaneti inayolipiwa. Mara nyingi makazi yake ni chumba kidogo mwisho wa korido, kilichokuwa stoo, chenye kiyoyozi kimoja na reki moja ya chuma.

Na nafasi inahitajika kweli. Kamera moja ya ulinzi inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 ni gigabaiti 690 hivi, na ukitaka kumbukumbu za siku 30 umeshavuka terabaiti 20 kabla hujahifadhi hata barua moja ya ofisi. Hospitalini, kipimo kimoja cha CT scan kinaweza kuwa na mamia ya vipande vya picha na kufika megabaiti 300 au zaidi. Wagonjwa 10 kwa siku ni gigabaiti 3, na mwaka ukiisha ni terabaiti moja na ushee. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilisaidia kuzipeleka mashine za CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa kwa mgonjwa ambaye zamani angesafirishwa mbali. Lakini picha ya kichwa cha mtoto iliyopigwa leo inaweza kuhitajika tena miaka kumi ijayo, na mahali pa kuitunza panastahili uzito uleule tulioipa mashine yenyewe.

Kwa hiyo sibishani na ukubwa. Nabishana na kuupima mtambo kwa ukubwa peke yake.

Ghala kubwa, mlango uleule

IBM ilipotoa RAMAC mwaka 1956, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski, sehemu ya diski ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo diski ya inchi 3.5, gramu 700 hivi, inaenea kiganjani na kubeba terabaiti 20 na zaidi. Ndani yake sahani 10 hivi zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Nyingi za ukubwa huo zimezibwa kabisa na kujazwa heliamu badala ya hewa, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 2013, kwa sababu heliamu ni nyepesi mara saba na haizizuii sahani sana zinapozunguka. Diski inatumia umeme kidogo na inatoa joto kidogo.

Kilichobaki nyuma ni kasi. Wafanyabiashara wa mbaazi wa Babati watanielewa haraka: ghala limepanuliwa mara kumi, mlango wa kutolea magunia haujafika hata mara tatu ya ule wa zamani. Diski ya terabaiti 2 ya miaka ya 2010 ilisomeka yote kwa saa nne na dakika kadhaa. Ya terabaiti 20, hata ikisoma megabaiti 260 kila sekunde bila kukatizwa, inataka zaidi ya saa 21. Na hakuna mtambo usiokatizwa. Watu wanaendelea kufungua faili na kamera zinaendelea kurekodi, hivyo siku moja inageuka siku mbili, tatu, na wakati mwingine wiki.

Muda huo una maana kubwa kwa sababu ya namna diski zinavyolindana. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine zikokotoe upya kilichokuwemo. Mafundi wote wanaliita RAID. Katika RAID 5 mtambo unavumilia kifo cha diski moja. Katika RAID 6 unavumilia viwili. Diski ya kwanza ikifa, zilizobaki hufanyishwa kazi ngumu kuliko siku nyingine yoyote: kila moja inasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, siku nzima au zaidi. Mara nyingi zimenunuliwa siku moja, zimetoka kiwanda kimoja na zimeishi kwenye joto lilelile. Ya pili ikikata roho katikati ya kazi hiyo, na ulichagua RAID 5 ili ubakiwe na nafasi zaidi, umepoteza vyote.

Chukua diski 12 za terabaiti 20. Kwenye karatasi ni terabaiti 240. Kwa RAID 6 unabaki na 200, na hapo mnunuzi huona ameibiwa 40. Hizo 40 ndizo zinazomlinda, na katika mji kama huu ningemsihi aongeze ulinzi badala ya kuupunguza. Diski ya akiba ikae ndani ya mtambo ikisubiri, ianze kazi yenyewe hata kama diski imekufa Jumamosi usiku. Nyingine ya modeli ileile ikae kabatini, na ufunguo uwe mahali panapojulikana. Arusha ni kama kilomita 170, basi linafika siku hiyohiyo, lakini diski za mitambo ya maofisini hazikai kwenye rafu za duka la kompyuta. Huagizwa. Mkataba unaoahidi kukuletea diski siku inayofuata ya kazi uliandikwa kwa ajili ya mji wenye bohari ya muuzaji, na kabla ya kusaini inafaa kumuuliza bohari yake ya karibu iko wapi.

Kwenye vipeperushi utaona pia namba nyingine inayovutia: wastani wa saa milioni 2.5 kabla ya kuharibika. Hiyo ni miaka 285. Hakuna diski iliyoishi hivyo. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski 1,000, tarajia tatu au nne kufa kwa mwaka, zikiwa katika mazingira aliyoyafikiria mtengenezaji. Bianca Schroeder na Garth Gibson, huyuhuyu wa RAID, walizikagua kumbukumbu za mitambo halisi, wakaeleza katika mkutano wa watafiti mwaka 2007 kwamba diski zilizobadilishwa zilikuwa asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, na kwingine hadi 13. Kwa mtambo wa diski 60, asilimia 3 ni karibu diski mbili kila mwaka. Bajeti ya ofisi iandike hizo mbili kama inavyoandika wino wa printa.

Joto, na lile linalokuja ghafla

Katika mkutano huohuo wa 2007, wahandisi wa Google walitoa matokeo ya diski zaidi ya 100,000 ambayo wengi hawakuyatarajia. Joto la wastani halikuua diski kwa kiwango kilichodhaniwa. Madhara yalionekana kwenye joto kali sana, na zaidi kwa diski zilizovuka miaka mitatu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto wakaongeza jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote: kupanda na kushuka kwa joto kulihusiana zaidi na makosa ya kusoma diski kuliko joto la wastani lenyewe.

Kwa Babati hii ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,350, chini ya Mlima Kwaraa, na usiku wa Juni na Julai watu wanatoka na makoti. Kupooza chumba hapa si vita kama ya Dar es Salaam, ambako kiyoyozi kinapambana na joto na unyevu mchana na usiku. Miongozo ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji chenye makao Marekani, inapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Saa nyingi za mwaka Babati inatoa hewa hiyo bure. Ila mwinuko una gharama yake. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni inayosukuma ujazo uleule inaondoa joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Miongozo hiyohiyo inataka kiwango cha juu cha joto kinachoruhusiwa kishushwe nyuzi moja kwa kila mita 300 ukishavuka mita 900. Ni nyuzi moja na nusu kwetu. Si nyingi, ila mtambo uliopakiwa diski 60 kwenye sanduku moja, zikiwa zimebanana safu kwa safu, hauna nyuzi za kuchezea. Safu ya nyuma inapumua hewa iliyokwisha kupashwa moto na safu za mbele.

Habari mbaya ni umeme. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa kadhaa. Kukatika kwa kawaida, kwa dakika 20 au saa mbili, hakuhitaji tarehe. Sasa tazama kinachotokea chumbani. UPS, yaani betri ya dharura, inashika seva na diski, hazizimi, na kila mtu anafurahi. Lakini UPS haikuunganishwa na kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi kingeimaliza betri kwa dakika chache. Seva zinaendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna kinacholiondoa.

Fanya hesabu ya chumba cha mita tatu kwa tatu. Hewa yote iliyomo, kwa mwinuko huu, ina uzito wa kilo 25 hivi. Vifaa vinavyotumia kilowati 2 vinatosha kuipandisha hewa hiyo nyuzi moja kila baada ya sekunde 12. Kinachokuokoa ni kuta, sakafu na vyuma kufyonza joto, navyo vikishapata moto havina msaada tena. Kisha umeme unarudi, kiyoyozi kinawaka kwa nguvu zote, joto linaporomoka. Kupanda na kushuka, mara kadhaa kwa wiki: ndiyo hali ileile waliyoieleza watafiti wa Toronto. UPS tuliyoinunua ili kulinda diski inaweza ikawa ndiyo inayoziweka kwenye tanuri.

Tusidhani ni shida ya nchi maskini. Julai 19, 2022, London ilipofikia nyuzi 40, hospitali za Guy's na St Thomas' zilipoteza vituo vyao viwili vya data kwa sababu upoozaji ulishindwa. Madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na ilichukua wiki kadhaa mifumo kurejea.

Tiba nyingi za tatizo hili ni za gharama ndogo ukilinganisha na bei ya mtambo. Kiyoyozi kiwe kwenye laini ya jenereta. Viwe viwili vidogo vya kupokezana, kuliko kimoja kikubwa, ili kimoja kikiwa kwa fundi kingine kiendelee. Kiwepo kipima joto kinachotuma ujumbe wa simu joto likivuka nyuzi 30, na kinachoamuru seva zizime zenyewe kwa utaratibu likifika 35. Afadhali huduma isimame kwa saa moja mchana kuliko diski tatu zife kwa pamoja. Na feni ya kutolea hewa iwekwe juu ukutani, hewa ya kuingia ikipita kwenye chujio chini, ili usiku baridi ya Babati ifanye kazi ambayo sasa tunailipia LUKU.

Sisemi dirisha lifunguliwe. Kiangazi kikikolea, vumbi la mji huu linaingia kila mahali, na ukiusogelea uso wa mtambo unaona kazi yake. Kila trei ya diski ina kishikio chenye matundu madogo ya kuvutia hewa na taa mbili, ya kijani inayochezacheza na ya rangi ya chungwa inayowaka diski ikiwa na hitilafu. Baada ya miezi michache bila chujio, matundu hayo yanavaa utando wa vumbi kama ukoga, na feni za nyuma zinaanza kuvuma kwa sauti ya juu zaidi kwa kuwa zinavuta hewa isiyopita. Pembeni kuna nafasi ambazo hazijawekwa diski, zimeachwa wazi kwa sababu vifuniko vyake vya plastiki vilitupwa pamoja na maboksi. Hewa inafuata njia rahisi: inapita kwenye matundu matupu na kuziacha diski zenyewe. Vifuniko hivyo vinakuja bure na mtambo. Virudishwe, siku hiyohiyo. Na matundu ya nyaya ukutani yazibwe, maana mijusi hupenda joto la pawa saplai, na mjusi mmoja kwenye nyaya za umeme anatosha kuzima chumba.

Betri za UPS nazo zinaumia kwanza kuliko vifaa vyote. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25. Zilizonunuliwa zidumu miaka mitano zinakufa mwaka wa tatu kimyakimya, na hakuna anayejua hadi siku umeme unapokatika na diski zinazima katikati ya kuandika.

Kuna adui mwingine ambaye hatumtaji sana, mtikisiko. Vichwa vinavyoelea nanomita chache juu ya sahani havipendi kutikiswa, hata na sauti. Septemba 2016 benki ya ING mjini Bucharest, Romania, ilifanya jaribio la mfumo wake wa gesi ya kuzimia moto. Gesi ilitoka kwa mlio mkali kupita kiasi, mtikisiko wake ukaharibu makumi ya diski, na huduma za benki zikasimama kwa saa kama kumi. Hatuna gesi hizo kwenye vyumba vyetu vingi. Tuna jenereta, na mara nyingi imefungwa kwenye zege upande wa pili wa ukuta uleule ulioegemewa na reki. Isogezwe nyuma ya jengo, au reki isogezwe.

Nakala ya mji mwingine

Yote haya yakifanyika vizuri, mtambo mmoja bado ni mtambo mmoja. Ziwa Babati liliwahi kufurika hadi kuuathiri mji, mwaka 1990, na Desemba 2023 jirani zetu wa Katesh, wilayani Hanang, walipata msiba mkubwa wa maporomoko ya tope. Chumba cha seva kwenye ghorofa ya chini karibu na bonde hakilindwi na RAID ya aina yoyote.

Septemba 26, 2025 moto ulianza kwenye betri za UPS katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Mfumo mmoja walioutumia watumishi wa umma kuhifadhi kazi zao, wenye terabaiti 858, uliteketea wote. Haukuwa na nakala nje ya jengo, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Nchi yenye intaneti ya kasi kupindukia ilinunua nafasi kuliko uwezo wake wa kuitunza. Ofisi ya Babati inayonunua terabaiti 200 bila kujua nakala ya pili itakaa wapi inafanya kosa lilelile.

Ningependa kuona nusu ya fedha hizo ikinunua mtambo mdogo hapa, na nusu nyingine ikinunua wa pili Dodoma au Arusha, usiku ukipokea mabadiliko ya siku tu. Intaneti isipotosha, zipo kanda za sumaku. Kanda moja ya LTO-9 inabeba terabaiti 18, haitumii umeme ikiwa kabatini, haihitaji kiyoyozi cha saa zote, na dereva wa ofisi anaweza kuipeleka Dodoma asubuhi na kurudi jioni. Watu huiona teknolojia ya kale. Mimi naiona inalingana na hali yetu kuliko nyingi zinazopigiwa debe.

Linabaki suala la diski iliyokufa, ambalo kwa hospitali na mabenki si dogo. Mkataba wa dhamana kwa kawaida unataka diski mbovu irudishwe kwa muuzaji ndipo utumiwe nyingine. Diski iliyokataa kusomeka kwenye mtambo bado ina sahani zake, na juu ya sahani hizo mna majina, majibu ya vipimo, namba za akaunti, ambavyo mtu mwenye vifaa anaweza kuvitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo data isimbwe tangu siku ya kwanza, na mkataba uwe na kifungu kinachomruhusu mteja abaki na diski mbovu. Wauzaji wengi wanacho kifungu hicho, kwa ada ya ziada. Kinaingia kwenye zabuni pale tu mnunuzi anapokiandika, pembeni ya saa za kurudisha data, joto la chumba baada ya nusu saa bila umeme, na jina la mji itakakokaa nakala ya pili.